Fani na Maudhui ya Kanisa la Mkunazini

Sisi wahakiki tumezoea kutafuta fani na maudhui vitabuni. Leo nataka kuvitafuta katika jengo: kanisa kuu la Anglikana la Mkunazini, Mji Mkongwe, Unguja.

Maudhui yake hayana ugomvi. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba na Waingereza, soko la watumwa likafungwa. Krismasi ya mwaka huohuo wamisionari wa UMCA wakaweka jiwe la msingi palepale sokoni. Madhabahu, wanasema, imesimama ulipokuwa mti wa kuchapia watumwa.

Fani ndiyo tunayoipita mbiombio. Kuta ni za mawe ya matumbawe, yaleyale ya nyumba za jirani. Madirisha yamechongoka juu, nusu Ulaya, nusu Uarabuni. Paa kwa ndani ni kama pipa lililolazwa, nalo ni zege la matumbawe yaliyopondwa na saruji. Kwa hiyo Askofu Edward Steere alileta ramani ya kwao, lakini jengo limesimama kwa mawe na mikono ya pwani.

Sasa njoo mlango wa magharibi. Kuna nguzo zimesimama kichwa chini, miguu juu! Masimulizi ya pale ni kwamba mafundi walizisimamisha hivyo Steere akiwa safarini, aliporudi akaziacha. Wageni wakisimuliwa hucheka. Mimi, jamani, sicheki. Steere ana kaburi nyuma ya madhabahu tangu 1882, na kila mwongozaji anamtaja. Mafundi wanatajwa mara moja tu, kwenye kosa.

Na sisi wa fasihi tumefanya vivyo hivyo. Steere huyuhuyu alichapisha Swahili Tales mwaka 1870. Jaladani jina ni moja, la mkusanyaji; wasimulizi ni “wenyeji wa Unguja”, basi. Darasani tunasema hadithi za Steere kama tunavyosema kanisa la Steere. Lakini Steere hakuzitunga. Utani, tashbiha, mapigo ya sentensi, vyote ni vya watu waliokaa mbele yake wakasema naye akiandika. Ukizihakiki kama kazi ya askofu, utaeleza maadili ya misheni ambayo hayamo, na ufundi wa msimulizi utaupita kama mgeni anavyopita ukuta wa matumbawe akikimbilia kaburi.

Ndiyo maana napendekeza semina yetu ijayo ya fasihi simulizi ianze na wasimulizi, Steere afuate.