Banjo ya Kwanza Ichaguliwe kwa Ngoma Yake

Anayetaka kujifunza banjo akiwa Kibuta, wilayani Kisarawe, ana ujuzi muhimu hata kabla ya kukishika chombo chenyewe, kwa sababu anaijua ngoma. Amewaona wapigaji wa mdundiko wakiipasha moto kabla ya kuipiga, maana ngozi iliyovuta unyevu hulegea na sauti yake hudidimia. Banjo nayo ni ngoma, ila imetiwa shingo na nyuzi. Uzi ukidonolewa, mtikisiko hupita kwenye daraja, yaani kile kipande chembamba cha mti kinachosimama juu ya uwambo, na uwambo ndio unaosukuma hewa. Kwa kuwa ni mwepesi kuliko ubao wa gitaa, huipokea nguvu ya uzi na kuimwaga yote kwa mkupuo. Ndiyo sababu banjo hulia kwa ukali kisha hunyamaza upesi. David Politzer, Mmarekani aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2004, amekichunguza chombo hiki kwa miaka, na anaeleza kwamba sehemu ya mlio wake wa chuma hutokana na uzi kuvutika na kulegea kila daraja linapotikisika. Ikiwa sauti inazaliwa hapo, mnunuzi naye aanzie hapo: atazame ngoma, kisha shingo, na nakshi aziache mwisho kabisa.

Kwa vizazi vingi uwambo huo ulikuwa ngozi. Chimbuko la banjo lilivuka Atlantiki pamoja na Waafrika Magharibi waliouzwa utumwani, na ndugu yake wa karibu bado yupo Senegal na Gambia: akonting ya Wajola, kibuyu kilichowambwa ngozi, chenye nyuzi tatu, mmoja ukiwa mfupi. Huku kwetu gabusi ya Komoro pia ina uso wa ngozi. Basi wapo watakaosema kwamba banjo ya plastiki imekatwa na asili yake. Hoja hiyo naiheshimu, kwani ngozi ina sauti laini ambayo plastiki haiifikii. Lakini mwanafunzi bado hawezi kutofautisha kosa la kidole chake na kosa la chombo. Masika yakiingia, ngozi ikalegea, daraja huzama, nyuzi hushuka na kugonga vile vyuma vilivyopandwa kukata shingo, na sauti aliyoipanga asubuhi haipo tena jioni. Mpiga ngoma huwasha moto yakaisha. Banjo yenye gundi na mbao nyembamba haisogezwi motoni. Uwambo wa plastiki, ulioenea kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, haulegezwi na unyevu. Aanze nao, na ngozi aiwambe siku masikio yake yatakapokuwa yamekomaa.

Ushauri mwingine unaosikika ni kwamba anayejua gitaa anunue banjo ya nyuzi sita, kwa kuwa vidole vimeshazoea. Kwa bendi inayotaka mlio mpya haraka, sawa. Kwa mwanafunzi ni hasara, kwa sababu anakosa uzi wa tano, ule mfupi unaoanzia katikati ya shingo na kupigwa kwa dole gumba, ukirudia sauti moja huku nyingine zikitembea. Huo ndio urithi wa akonting. Mpiga banjo wa Marekani, Béla Fleck, alikuja Tanzania na banjo ya nyuzi tano mwaka 2005 akapiga pamoja na mwanamuziki wetu Anania Ngoliga, na anayesikiliza rekodi zao atakubali kwamba mtindo huo si mgeni sana kwa masikio yetu.

Dukani, au kwa mtu anayeuza iliyotumika, kipimo kikubwa hakihitaji fundi. Daraja la banjo halikugundishwa. Linashikwa na mkazo wa nyuzi tu, hivyo husogea. Umbali kutoka mwanzo wa shingo hadi chuma cha 12 unapaswa kukaribiana sana na ule wa kutoka hapo hadi kwenye daraja. Ukitofautiana, banjo italia ovyo hata mikononi mwa bingwa, na wengi wameikataa banjo nzima kwa kasoro ambayo vidole viwili vingeirekebisha bure. Shingo iliyopinda ni habari nyingine. Iangaliwe kwa jicho moja kutoka kichwani, kama fundi seremala anavyoangalia ubao, na ikiwa imejipinda kama parafujo, muuzaji arudishiwe chombo chake hata kama bei ni ya kutupa.

Bakuli la mgongoni, linalorusha sauti mbele, linaweza kungoja. Huongeza bei na uzito, na anayejifunzia nyumbani hana haja ya kusikika mtaa wa pili. Fedha itakayookolewa hapo inunue seti ya pili ya nyuzi na kitambaa kikavu cha kuzifutia kila baada ya kupiga, kwa sababu nyuzi za chuma hushika kutu upesi katika hewa ya Pwani.