Dereva wa Trela na Dawa za Presha

Leo tunazungumza na akina mama wa Kitui na Makueni ambao waume au wana wao wanaendesha trela.

Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni kama kilomita 480, na wengi huendelea hadi Malaba. Dereva hupoteza muda mwingi bandarini na kwenye foleni ya mizani, huku tajiri akipiga simu kuuliza mzigo umefika wapi. Muda huo anaufidia usiku kwa kutafuna muguka, ingawa sheria ya trafiki inamkataza kuendesha zaidi ya saa 8 katika saa 24. Analala kidogo ndani ya gari, Mtito Andei au Emali. Chakula anakila saa tisa usiku.

Sasa mtu huyu akiwa na presha, dawa atazimeza saa ngapi? Wengine huziacha kabisa wakijisikia nafuu. Presha haiumi, mama, lakini yaweza kuleta kiharusi, hata akiwa kwenye usukani. Na muguka huipandisha.

Kabla hajaondoka, hesabu vidonge vya safari nzima, uongeze vya siku kadhaa, maana trela huchelewa. Avibebe kwenye begi la nguo, si juu ya dashibodi penye jua. Achague wakati asioweza kusahau, kama vile anapopiga mswaki. Usimpigie simu kumkumbusha akiendesha. Akupigie yeye akisimama. Na akifika nyumbani, shamba lingoje. Alale kwanza, kisha mwende zahanati apimwe.