Taa na Breki za Trela kwa Pikapu ya Zamani

Chama cha msingi chenye pikapu ya zamani na trela ya ekseli moja huokoa safari nyingi wakati wa kupeleka kahawa au pamba ghalani. Lakini aghalabu gari la zamani halikuwekewa waya za trela kiwandani, na fundi mwenye haraka huunganisha popote aonapo umeme. Kasoro hiyo hujitokeza baadaye, usiku au kwenye mteremko, shehena ya wanachama ikiwa nyuma.

Kwanza itazamwe betri. Land Rover zilizotengenezwa kabla ya 1967 zilifungwa upande chanya kwenye bodi, si upande hasi. Balbu hazijali jambo hilo, ila kidhibiti cha breki za umeme huungua mara moja.

Soketi ya kawaida ya matundu saba hufuata rangi hizi: manjano ni indiketa ya kushoto, kijani ya kulia, nyekundu ni taa za breki, nyeusi ni taa ndogo ya kushoto na kahawia ya kulia, buluu ni taa ya ukungu, nyeupe hurudisha umeme kwenye bodi. Waya huu mweupe ndio unaopuuzwa kuliko zote. Wengine hutegemea chuma cha kukokotea kirudishe umeme, hali kimejaa grisi na kutu. Indiketa ikiwashwa na taa nyingine za trela zikawaka kwa unyonge, waya mweupe ndio wa kushukiwa kwanza.

Trela huongeza balbu ya tatu ya wati 21 kila upande. Jumla ni wati 63, yaani zaidi ya ampea 5 kwa betri ya volti 12. Flasha ya zamani iliyokusudiwa balbu mbili huanza kupepesa mbiombio, basi haina budi kubadilishwa kwa yenye nguvu zaidi.

Kuhusu breki, chama chenye trela ndogo kinafaa kuchagua zile zinazojifunga trela inapoisukuma pikapu. Hazihitaji umeme, na kebo zake hurekebishika kwa spana. Breki za umeme zina sababu pale tu trela iliponunuliwa ikiwa nazo.

Kidhibiti cha breki hizo kwa kawaida kina waya nne. Mweusi hutoka betri kupitia kikata umeme cha ampea 20. Mweupe huenda upande hasi wa betri. Mwekundu huungwa kwenye swichi ya taa za breki, upande unaopata umeme pedali inapokanyagwa tu. Buluu huenda kwenye breki za trela. Buluu hii isichanganywe na ile ya taa ya ukungu! Sumaku moja hutumia ampea 3 hivi, kwa hiyo ekseli moja hutaka ampea 6. Waya wa milimita mraba 4 watosha, ule mwembamba wa taa hautoshi.

Katika baadhi ya magari ya zamani swichi ya taa za breki husukumwa na mafuta ya breki. Ikichakaa huchelewa, na trela nayo huchelewa kufunga, ikaisukuma pikapu. Mtu mmoja akanyage pedali polepole, mwingine atazame taa nyuma.

Kurekebisha hufanywa barabara tambarare na kavu, trela ikiwa na mzigo, kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa. Dereva atumie wenzo wa mkono wa kidhibiti peke yake, na nguvu iongezwe hadi magurudumu ya trela yakaribie kukwama, kisha ipunguzwe kidogo. Trela tupu hukwama upesi zaidi, hivyo kipimo chake ni kingine. Katibu aandike vipimo vyote viwili katika daftari la gari, pamoja na tarehe, ili dereva wa zamu nyingine avikute.