Ganzi kwa mwana-mbuzi: dawa inatoka wapi, inaenda wapi

Bandugu na bamama wa koperative, huku pembeni ya Likasi, wakati wa kuhasi mbuzi dume ukifika, tunaulizwa swali lile lile: dawa ya ganzi tuchome kiasi gani? Jibu liko kwenye ini ya mnyama, lakini kwanza kwenye mizani.

Dawa inayotumiwa sana ni lidokaini. Zamani ilikuwa kokaini, ya majani ya koka ya Amerika ya Kusini. Mwaka 1884 Carl Koller alionyesha kule Vienna kwamba inatia jicho ganzi. Lidokaini haitoki kwa majani. Nils Löfgren aliitengeneza Uswidi mwaka 1943, kwa kuunganisha kemikali tu.

Mshipa wa fahamu unapeleka habari ya maumivu kwa kufungua vijilango, chumvi ya sodiamu inaingia. Lidokaini inaziba vile vijilango, habari haipiti. Lakini haikai pale: damu inaibeba kidogo kidogo mpaka kwenye ini, ini inaivunja, figo zinatoa mabaki kwa mkojo. Kisha saa moja hivi au mbili, ganzi imekwisha. Damu ikipokea nyingi kuliko ini inavyoweza kuvunja, dawa inafika kwenye ubongo na moyo: mnyama anatetemeka, anashikwa na kifafa, moyo unasimama. Halafu watu wanasema ni kisu kimemwua!

Tuhesabu. Chupa ya 2% ina miligramu 20 kwa kila mililita. Kwa kipimo cha miligramu 4 kwa kilo, mwana-mbuzi wa kilo 8 anapata miligramu 32, ni kusema mililita 1.6 kwa jumla, si kwa kila upande. Sindano ya mililita 5 ikijazwa, imepita mara tatu. Mukiona 1.6 ni kidogo, veterineri anaweza kuichanganya na serumu ya chumvi ienee vizuri. Na kabla ya kusukuma, vuteni nyuma kidogo: damu ikionekana, toeni, muko ndani ya mshipa wa damu.

Kwa jipu la usaha ganzi haishiki vizuri, juu pale mwili umekuwa na uchachu na dawa inashindwa kuingia kwenye mshipa wa fahamu. Ni hapo watu wanaongeza sindano ya pili, ya tatu. Musiongeze. Mwiteni veterineri, achome pembeni, kwenye nyama nzima.

Tena, mnyama aliyechomwa asichinjwe siku ile. Veterineri ndiye anasema mungoje siku ngapi kabla nyama haijaenda soko.