Muhogo wa Tana Hauwezi Kungoja Barabara

Ikiwa umewahi kusafiri kwa basi kutoka Malindi kwenda Lamu au Garissa, bila shaka unaijua Garsen. Hapo ndipo njia zinapoachana. Na kama ilivyo kote Pwani, msafiri mwenye njaa hakosi kuuwazia muhogo: wa kuchoma, uliopasuliwa ukatiwa ndimu na pilipili, au kachiri za kutafuna njiani. Je, umewahi kujiuliza taabu anayopata mwenye kuulima?

Avunaye mahindi hutafuta ghala. Mwenye muhogo ghala lake ni udongo wenyewe. Ukishakomaa, anaweza kuuacha shambani miezi kadhaa, aking'oa shina moja leo na jingine kesho kutwa, kadiri ya haja ya chungu. Wareno waliuleta Afrika kutoka Amerika Kusini katika karne ya 16, na si ajabu kwamba ulipendwa na watu wanaoijua njaa.

Shida ni kwamba Tana hulifurikia ghala hilo. Mto huu huwapa Wapokomo rutuba ya mpunga na ndizi, lakini muhogo si jimbi. Jimbi hufurahia tope. Muhogo ukisimama majini siku chache huanza kuoza. Ndivyo mafuriko yanavyomwendea mkulima wa bondeni, yawe yale ya El Nino ya 1997 au ya 2018. Maji yakipanda hana budi kung'oa wote kwa mara moja. Baada ya siku mbili tatu huingia michirizi myeusi ndani, na mnunuzi hautaki tena. Na siku hizo ndizo njia hukatika! Mwishoni mwa 2023 maji yalikata barabara ya Garsen kwenda Lamu. Muhogo ungefika wapi?

Dawa wazee wetu waliijua: makopa. Lakini mawingu yakishatanda umechelewa. Shamba la bondeni livunwe jua likiwa kali, Februari au Machi, kabla ya masika. Menya, kata vipande vyembamba, anika juu ya jamvi hadi vikauke kabisa. Makopa makavu hukaa miezi, husagwa unga wa ugali na uji, na yanaweza kumngoja mnunuzi hata njia ikifungwa.

Hapa mama wa nyumbani usikie vizuri. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi, na ukame huizidisha. Kuanika pekee hakutoshi. Umenye na kuuloweka majini siku tatu kwanza, ndipo uuanike. Huko Nampula, Msumbiji, wakati wa ukame wa 1981, watu zaidi ya 1,000, wengi wao wanawake na watoto, walipooza miguu kwa kula muhogo mchungu ambao haukuandaliwa vya kutosha. Kibandameno chetu ni kitamu, ndiyo, ingawa batobato hukipenda mno. Hata hivyo, usinunue mbegu usiyoijua ukaitia chunguni papo hapo.

Jambo moja husahaulika. Mbegu ya muhogo ni shina, na mafuriko huchukua mbegu pamoja na chakula. Kabla ya mvua, kata mashina yasiyo na batobato, yafunge na uyasimamishe kivulini mahali pa juu. Hapo hukaa hai wiki kadhaa. Chini ya mwembe panafaa sana, ila mbuzi wafungwe.