Ugumu wa Springi na Mgandamizo wa Awali: Uandaaji wa Pikipiki Kongwe ya Spoti kwa Siku za Uwanja kwa Kurejelea Suzuki SV650

IKISIRI

Makala haya yanafafanua namna pikipiki kongwe ya spoti inavyoandaliwa kwa ajili ya siku za uwanja, yaani siku ambazo waendeshaji wa kawaida hulipia nafasi ya kuendesha pikipiki zao kwenye viwanja vya mbio bila kushindana. Mfano uliotumika ni Suzuki SV650 ya kizazi cha kwanza, iliyoingia sokoni mwaka 1999. Hoja ya msingi ni kwamba makosa mengi ya uandaaji hutokana na kuchanganya dhana mbili, ugumu wa springi na mgandamizo wa awali, na kwamba katika Kiswahili mkanganyiko huo huchochewa na kitenzi kukaza, ambacho hubeba dhana zote mbili. Makala yanaonesha kwa ukokotoaji rahisi tofauti ya dhana hizo na athari zake kwa usalama wa mwendeshaji.

1.0 Utangulizi

Nchini Uingereza, viwanja kama Cadwell Park, Brands Hatch na Donington Park hufunguliwa kwa waendeshaji wa kawaida katika siku ambazo hakuna mashindano. Waendeshaji hugawanywa katika makundi kulingana na uzoefu, na kila kundi huingia uwanjani kwa zamu. Hakuna mshindi wala zawadi. Hata hivyo, mwendo ni wa kasi kuliko ule wa barabarani, na breki hutumika kwa nguvu mzunguko baada ya mzunguko. Pikipiki iliyokuwa tulivu barabarani kwa miaka mingi huweza kudhihirisha udhaifu wake wote ndani ya dakika chache.

SV650 inafaa kuwa mfano kwa sababu tatu. Kwanza, injini yake ya silinda mbili zilizopangwa kwa umbo la V, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 645, hutoa takribani nguvu farasi 70, kiasi ambacho mwanafunzi wa uwanjani anaweza kukitumia chote. Pili, fremu yake ya alumini ni nyepesi na imara. Tatu, ili bei iwe nafuu, mtengenezaji alibana matumizi kwenye shokapu na breki. Kwa hiyo pikipiki hii ina injini na fremu zinazostahili uwanja, lakini sehemu zinazoiunganisha na ardhi hazikukusudiwa kazi hiyo.

Kuhusu istilahi, makala yanatumia neno shokapu kama linavyotumiwa katika gereji za bodaboda nchini Tanzania, kwa maana ya kifaa kizima chenye springi na oili. Mshuko ni kiasi ambacho pikipiki hushuka kwa uzito inaoubeba ikiwa imesimama. Mgandamizo wa awali ni kiasi ambacho springi imefupishwa ndani ya shokapu kabla ya kubeba uzito wowote.

2.0 Uzee wa Chombo

Kabla ya marekebisho yoyote, uzee wa pikipiki hauna budi kushughulikiwa. Beringi za shingo zilizolika hufanya usukani ukwame katikati, na mwendeshaji huweza kudhani kuwa kasoro ni ya shokapu. Vivyo hivyo kwa beringi za magurudumu na za mkono wa nyuma. Marekebisho yanayofanywa juu ya beringi mbovu huficha ugonjwa badala ya kuutibu.

Breki zinahitaji uangalizi wa pekee. SV650 ina diski mbili za mbele zenye kipenyo cha milimita 290, ambazo zinatosha iwapo mfumo mzima ni mzima. Tatizo ni mafuta ya breki, ambayo hufyonza unyevu kutoka hewani. Kwa mafuta ya daraja la DOT 4, kiwango cha chini cha kuchemka kinachokubalika ni nyuzi 230 za Selsiasi yakiwa mapya, lakini hushuka hadi nyuzi 155 yakishafyonza unyevu. Uwanjani joto la breki hupanda kila kona, na mafuta ya zamani yakichemka hutoa mapovu ya mvuke. Mvuke hubanyika, mafuta hayabanyiki. Hivyo mkono wa breki hufika kwenye usukani bila pikipiki kupunguza mwendo. Mipira ya breki iliyozeeka nayo hutanuka inapobanwa, na ndiyo sababu hubadilishwa kwa ile iliyosukwa kwa nyuzi za chuma.

Tairi huhukumiwa kwa umri pamoja na kina cha kashata zake. Tairi zilizotengenezwa tangu mwaka 2000 zina tarakimu nne ubavuni: 2318, kwa mfano, humaanisha wiki ya 23 ya mwaka 2018. Tairi yenye kashata ndefu lakini mpira uliokauka haifai uwanjani.

Mambo mengine ni ya utaratibu. Vioo huondolewa na taa hufunikwa kwa utepe. Bolti ya kumwagia oili hufungwa kwa waya ili isilegee. Na kimiminika cha kupoza injini chenye glaikoli hubadilishwa kwa maji pale kanuni zinapotaka hivyo, kwa kuwa glaikoli ikimwagika huacha utelezi unaohatarisha wengine wote.

3.0 Springi

3.1 Kupima mshuko

Upimaji huhitaji watu watatu: mwendeshaji aliyevaa mavazi yake yote, mmoja wa kuishika pikipiki isianguke, na mpimaji. Kwanza shokapu hupimwa urefu ikiwa imenyooka kabisa, gurudumu likiwa hewani. Kisha mwendeshaji hukaa katika mkao wa kuendesha. Pikipiki hukandamizwa chini na kuachwa ipande taratibu, kipimo huchukuliwa. Huinuliwa na kuachwa ishuke taratibu, kipimo huchukuliwa tena. Vipimo hivyo viwili hutofautiana kwa sababu ya msuguano wa sili na bushi, kwa hiyo hutafutwa wastani wake. Urefu wa kwanza ukitolewa wastani huo hupatikana mshuko wa mwendeshaji. Zoezi likirudiwa bila mtu juu, hupatikana mshuko huru.

Kwa matumizi ya uwanjani, mshuko wa mwendeshaji wa milimita 30 hadi 35 mbele, na 25 hadi 30 nyuma, huchukuliwa kuwa mahali pazuri pa kuanzia.

3.2 Mfano wa ukokotoaji

Chukulia shokapu mbili za mbele ambazo springi zake kwa pamoja zina ugumu wa niutoni 16 kwa milimita, na mgandamizo wa awali wa milimita 25. Mwendeshaji akiwa juu, springi hubeba niutoni 960. Ili kubeba mzigo huo springi lazima zifupike milimita 60 kwa jumla. Kwa kuwa milimita 25 zilikwishafupishwa ndani ya shokapu, pikipiki hushuka milimita 35. Mgandamizo wa awali ukiongezwa hadi milimita 35, mshuko hupungua hadi milimita 25. Hata hivyo, kila milimita inayofuata bado inahitaji niutoni 16 zilezile. Pikipiki imeinuka, springi haikuwa ngumu zaidi.

Sasa chukulia springi laini zaidi, zenye ugumu wa niutoni 12 kwa milimita. Kwa mzigo uleule zitafupika milimita 80, hivyo ili kupata mshuko wa milimita 35 utahitajika mgandamizo wa awali wa milimita 45. Kwa kipimo cha mshuko wa mwendeshaji pekee, pikipiki hizi mbili zinafanana. Tofauti hujitokeza breki zinapokamatwa. Mzigo wa mbele ukifika niutoni 1,800, springi za kwanza huruhusu mshuko wa milimita 87.5, na za pili milimita 105. Ikiwa mwendo wote wa shokapu ni milimita 130, ya kwanza imebakiwa na milimita 42.5 za kumeza tuta au shimo, na ya pili milimita 25 tu. Mwendeshaji wa pili atakapokutana na bonde katikati ya kufunga breki, shokapu itagonga mwisho wake na tairi ya mbele itapoteza mshiko. Ukokotoaji huu umeacha kando mchango wa hewa iliyonaswa ndani ya shokapu, ambayo huongeza ukinzani karibu na mwisho wa mwendo, lakini mwelekeo wa hoja haubadiliki.

3.3 Kuisoma mishuko miwili kwa pamoja

Mfano huohuo unaonesha namna ya kugundua kasoro. Bila mwendeshaji, tuseme mzigo ni niutoni 720. Springi ngumu zitaonesha mshuko huru wa milimita 20, na springi laini milimita 15. Kanuni inayopatikana ni kinyume cha matarajio ya wengi: mshuko wa mwendeshaji ukiwa sahihi lakini mshuko huru ukawa mdogo mno, springi ni laini mno na zimefichwa kwa mgandamizo mkubwa wa awali, mshuko huru ukiwa mkubwa mno, springi ni ngumu mno.

Hapa ndipo lugha inapokuwa na gharama. Fundi anayeambiwa “kaza springi” huzungusha nati ya juu, na mwendeshaji huondoka akiamini kuwa amepewa springi ngumu. Kumbe amepewa pikipiki iliyoinuka, yenye ulaini uleule. Makala yanapendekeza kitenzi kukaza kiachiwe nati na bolti, na kwa springi zitumike kauli mbili tofauti: kuongeza mgandamizo wa awali na kubadilisha springi.

4.0 Oili na Matundu

Springi huhifadhi nguvu na kuirudisha. Bila kizuizi pikipiki ingedunda bila kukoma. Kizuizi hicho ni oili inayosukumwa kupitia matundu. Katika shokapu za mbele za SV650 matundu hayo yapo kwenye mrija wa ndani na ukubwa wake haubadiliki. Oili inapopita kwa kasi katika tundu la namna hii, ukinzani hukua kwa mraba wa kasi: kasi ikiongezeka mara mbili, ukinzani huongezeka mara nne.

Athari yake ni mtego. Matundu makubwa yanayomeza shimo vizuri huacha mbele idumbukie breki zinapokamatwa, kwa kuwa mwendo huo ni wa polepole. Matundu madogo yanayozuia kudumbukia huifanya shokapu iwe kama gogo inapokutana na shimo. Oili nzito haitatui tatizo, kwani huongeza ukinzani katika hali zote mbili. Suluhisho lililozoeleka ni kupanua matundu ya mrija na kuweka juu yake vali ndogo yenye springi, ambayo hubana oili mwendo unapokuwa wa polepole na kufunguka shinikizo linapozidi.

Shokapu ya nyuma ni moja na marekebisho yake ni ya mgandamizo wa awali pekee. Ikishazeeka, jibu la busara ni kuibadilisha.

5.0 Mkao wa Pikipiki

Badiliko moja huzaa jingine. Tairi ya mbele ya asili ni 120/60, yenye ubavu wa milimita 72. Wengi huweka 120/70, yenye ubavu wa milimita 84. Ekseli ya mbele huinuka takribani milimita 12, shingo hulala zaidi, na pikipiki huwa nzito kuingia kona. Mwandaaji anayejua hili hupandisha mirija ya shokapu ndani ya vishikio vyake ili kurudisha mkao wa awali. Asiyejua huanza kulaumu springi alizozinunua jana. Kupandisha mirija kupita kiasi nako hupunguza utulivu kwenye mwendo wa kasi. Ndiyo maana kanuni ya kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na kuandika kila kipimo daftarini, ina uzito sawa na spana yoyote.

6.0 Hitimisho

Makala yameonesha kuwa uandaaji wa pikipiki kongwe kwa siku za uwanja una mpangilio wake: uzee wa chombo kwanza, breki na tairi zikifuata, kisha springi, oili na mkao. Injini ya SV650 haikuhitaji kuongezewa nguvu popote katika mpangilio huo. Imebainika pia kuwa mshuko wa mwendeshaji peke yake hauwezi kuthibitisha kuwa springi zinafaa, na kwamba usomaji wake pamoja na mshuko huru ndio unaotoa jibu. Kwa upande wa lugha, utenganishaji wa ugumu wa springi na mgandamizo wa awali si suala la umbuji wa istilahi tu. Mwendeshaji anayefunga breki kabla ya kona hutegemea milimita chache zilizosalia ndani ya shokapu, na milimita hizo hupatikana au hupotea gerejini, kulingana na namna fundi na mteja wake walivyoelewana.