Mgeni Asema Hatuogopi Kufa

Wageni wengi waishio nchini mwetu kwa ajili ya kazi wana neno moja walipendalo. Humwona mwashi amesimama juu ya mirunda, kandambili miguuni na kichwa wazi. Humwona fundi akichomelea vyuma bila miwani. Kisha hutikisa kichwa na kusema kwamba watu hawa hawaogopi kufa.

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hatuna sababu ya kumkasirikia mgeni, maana ayaonayo ni kweli. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka, likaua watu 36. Msiba huo hatuwezi kuukana.

Lakini katika kueleza sababu, mgeni amekosea. Yeye adhani usalama ni tabia ya taifa, kana kwamba Mzungu huzaliwa na kofia ngumu kichwani. Historia yakataa. Uingereza ilipotunga sheria ya viwanda ya mwaka 1833, wakaguzi walioteuliwa kuisimamia walikuwa wanne tu kwa nchi nzima. Mjini New York, tarehe 25 Machi 1911, moto ulizuka katika kiwanda cha nguo cha Triangle, na mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Wafanyakazi 146 walikufa, wengi wao wasichana. Je, hao hawakuogopa kufa? Waliogopa mno, hata wengine wakajitupa madirishani. Hofu walikuwa nayo. Sheria yenye nguvu ndiyo waliyoikosa, nayo ilipatikana baada ya vyama vya wafanyakazi kuidai.

Kadhalika nchini Bangladesh, tarehe 24 Aprili 2013, jengo la Rana Plaza liliua watu zaidi ya 1,100. Nyufa zilionekana siku moja kabla. Wafanyakazi walisita kuingia, wakaamriwa waingie. Nguo walizokuwa wakishona zilikuwa za kuuzwa Ulaya na Marekani. Basi mgeni anapoitazama hatari ya mfanyakazi wa nchi maskini, na alitazame pia shati alilolivaa.

Hata hivyo, kumjibu mgeni hakumvishi mwashi wetu kofia. Sheria tunayo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kumkinga, nayo yawapa wakaguzi uwezo wa kuingia kazini na kutazama. Sheria ya Fidia ya mwaka 2008 imeunda Mfuko ambao waajiri ndio wauchangiao. Kwa nini basi kichwa cha mwashi kingali wazi? Kwa sababu mwashi huyo ni kibarua wa kutwa. Akidai kofia leo, kesho ataambiwa kazi hakuna, na watoto wangoja unga. Huo si ushujaa wala ujinga. Ni njaa, na wako watu wanaopata faida kwa njaa hiyo.

Wako pia wenzetu wasemao kwamba ajali ni amri ya Mungu. Twawakumbusha kwamba katika Torati ajengaye nyumba mpya aliagizwa aizungushie dari yake ukuta mdogo, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Mungu aliyeagiza ukuta hawezi kusingiziwa uzembe wa mkandarasi.

Wajibu wetu ni dhahiri. Viongozi wa matawi ya Chama na wa vyama vya wafanyakazi wasingoje kualikwa mazishini. Waende kwenye majengo na karakana wakaulize: kofia ziko wapi, mkaguzi alifika lini, nani mwakilishi wa usalama hapa? Kibarua akiuliza peke yake hufukuzwa. Wakiuliza wote pamoja, na Chama kikiwa nyuma yao, mwajiri hana budi kujibu.